Pumzi Nyuma ya Kioo

"Sasa tunaingia mkao wa maiti," mwalimu Zaitun alisema, na wanawake wote chumbani wakalala chali, viganja juu, macho wameyafumba, kama watu waliopangwa sakafuni baada ya ajali.

Inspekta Robi Matiko alilala nao. Alikuwa amepewa mkeka wa mwisho, ule ulio chini ya kioo kikubwa cha ukutani, na alishaona jinsi wenzake walivyouzunguka bila kuukanyaga. Ulikuwa mkeka wa Veronika. Wiki mbili nyuma Veronika alilala hapo hapo, jioni kama hii, kisha akainuka, akavaa viatu, akatoka. Kabla wenzake hawajamaliza kukunja mikeka yao, alikuwa ameanguka kwenye ngazi ya chuma ya nje na kuvunjika shingo.

Mumewe, Ryoba, alikuwa mahabusu kituoni Tarime. Kijana wa bodaboda aitwaye Nyangwine alimwona akiwa juu ya ngazi na mkewe, kamshika mkono, wakivutana. Majirani nao waliandikisha maelezo kwamba siku moja kabla walimsikia akifoka, "Hayo mazoezi yako yatakuua." Nyamongo nzima ilikuwa imeshamhukumu. Robi alitumwa kutoka ofisi ya polisi ya Bomani, mjini Tarime, kuchukua maelezo machache yaliyobaki ili jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Lakini Zaitun alikataa kuahirisha darasa. Alimwambia, "Afande, ukitaka kujua dada Veronika alikuwaje, fanya alichokuwa anafanya." Basi Robi akavaa suruali ya michezo.

Nusu ya kwanza iliwatoa jasho. Zaitun aliyaita mazoezi hayo barre, kama alivyofundishwa Dar es Salaam. Wanawake wa Nyamongo waliyaita mazoezi ya bomba, kwa sababu ya bomba la chuma ambalo fundi wa kuchomelea alilifunga ukutani mbele ya kioo. Unalishika bomba, unainuka kwa ncha za vidole vya miguu, unabaki hapo mpaka mapaja yatetemeke. Walikuwepo wake za wafanyakazi wa mgodi mkubwa, muuza vitenge, nesi, mama mwenye mgahawa. Nje zilipita pikipiki zenye viroba vya mawe ya dhahabu. Baada ya bomba ilikuja yoga, na baada ya yoga, kimya hiki.

Katika kimya hicho Robi aliisikia pumzi.

Ilivutwa taratibu, ikakaa, ikatoka. Haikuwa yake. Ilitokea juu ya kichwa chake, ndani ya kioo. Alifumbua macho, akainua kichwa kidogo na kutazama chumbani: vifua vilivyolala safu kwa safu, kila kimoja na mwendo wake. Hakuna hata kimoja kilichopanda na kushuka pamoja na sauti ile.

"Fumba macho, dada," mwanamke wa pembeni alinong'ona. "Akijua umemsikia, anakufuata mpaka nyumbani."

Huyo alikuwa Zuleha, muuza vitenge. Darasa lilipokwisha, Robi alimkuta kwenye benchi karibu na dirisha akimimina chai kutoka kwenye chupa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai ilimwagikia mkekani.

"Nani huyo anayefuata watu nyumbani?" Robi aliuliza.

Zuleha alimtazama Zaitun kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Zaitun alikuwa akiwasha udi kwenye chetezo. Aliitikia kwa kichwa tu, bila kugeuka.

"Nyumba hii imejengwa juu ya shimo," Zuleha alisema. "Wachimbaji walifukiwa humo zamani, hawakutolewa. Mmoja bado anatafuta hewa. Haji kila siku, lakini akija sote tunamsikia."

"Nani aliyekuwa wa kwanza kukuambia hivyo?"

"Kila mtu anajua."

"Wa kwanza kabisa, dada Zuleha."

Zuleha alifikiri. "Mzee Wangwe. Mwenye nyumba. Siku nilipomuuliza ile sauti ni ya nini."

Robi alinywa chai aliyopewa. Ilikuwa na sukari ya kutosha na tangawizi, lakini chini ya tangawizi kulikuwa na ladha ya sarafu, kana kwamba alikuwa ameinyonya shilingi. Alikiweka kikombe chini.

"Na Veronika? Alimsikia?"

"Veronika alimwona," alisema Zaitun.

Alikuja akaketi. Alikuwa mwanamke mrefu, shingo imenyooka, mtoto wa mshona nguo wa Tarime ambaye baba zake walitoka pwani. Alisema Veronika ndiye aliyekuwa akilichangamsha darasa. Mwaka uliotangulia hakuna aliyecheka kumshinda. Halafu akabadilika. Ukimsahihisha mguu, analia. Ukimtazama usoni, anajifunika. Akasema kuna mwanaume ndani ya kioo anayemtolea macho, ndipo akahamia kwenye mkeka wa chini ya kioo kabisa, mahali ambapo mtu akilala hawezi kujiona wala kuonwa.

"Muda gani kabla ya kifo chake?"

"Miezi. Hakukosa darasa. Alisema akiwa hapa angalau anajua yule mtu yuko wapi."

"Mumewe alikuwa anampiga?"

Wanawake wawili walitazamana. "Mwilini hakuwa na alama," Zuleha alisema. "Na tunavaa nguo za kubana humu, afande, tungeziona. Lakini mtu anayejikunyata vile, si lazima kuna anayemtisha?"

Moshi wa udi ulipanda wima kutoka kwenye chetezo, ukafika usawa wa bomba, kisha ukainama kuelekea katikati ya chumba, mbali na kioo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Robi aliutazama kwa muda. Alisimama, akaweka kiganja juu ya kioo. Kilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

"Jua la mchana linapiga ukuta huu?"

"Hapana," Zaitun alijibu. "Upande huo hakuna jua. Kuna stoo ya Mzee Wangwe tu chini, na ukuta."

Zuleha alikuwa amevua heleni zake na kuzifunga kwenye leso. Robi aliomba kuziona.

"Aibu tupu," Zuleha alisema. "Fundi aliniapia ni dhahabu ya hapa hapa. Angalia zilivyopauka. Si mimi tu, hata pete ya nesi imekuwa hivyo. Yule fundi katuibia wote."

Asubuhi iliyofuata, ofisini Bomani, Koplo Godwin alikuwa ameshalifunga jalada kwa kamba. Alikuwa kijana mchapakazi wa Musoma asiyependa kesi zinazochelewa.

"Limekamilika, afande. Shahidi wa macho, vitisho vilivyosikika, na mtuhumiwa mwenyewe hataki kusema neno. Tangu aletwe hajafungua kinywa. Mtu asiye na hatia angepiga kelele."

"Nipe vielelezo."

Godwin alimletea bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na vitu vya marehemu: simu, kitambaa cha kichwani, pete ya ndoa. Ya pili ilikuwa na vitu alivyovuliwa Ryoba alipoingizwa mahabusu: mkanda, pochi, pete ya ndoa. Robi alizitoa pete zote mbili na kuziweka kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha.

"Zilinunuliwa wapi?"

"Kwa fundi mmoja, siku moja. Dada yake Ryoba alisema. Hata nakshi ni ile ile."

"Zitazame."

Godwin alizitazama. Pete ya Ryoba ilikuwa ya manjano iliyokolea. Ya Veronika ilikuwa imepauka, rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu.

"Ya mama ni feki?" alisema.

"Fundi mmoja, siku moja, amdanganye mke amwache mume? Godwin, umekaa Mara maisha yako yote. Dhahabu inapauka kwa sababu gani?"

Kila mtu aliyewahi kupita karibu na mwalo, kule wanakosaga na kuosha mawe, alikuwa na jibu la swali hilo. Vumbi la dhahabu hukamatwa kwa zebaki, likawa donge jeupe. Donge huchomwa motoni, zebaki ikapanda na moshi, dhahabu ikabaki.

"Zebaki," alisema. "Lakini Veronika hakuwa mtu wa mwalo, afande. Ryoba anauza vipuri vya pikipiki."

"Hata Zuleha si mtu wa mwalo. Wala nesi."

Alimpigia simu Daktari Method, aliyeufanyia mwili uchunguzi. Daktari alikuwa na haraka, lakini maswali ya Robi yakampunguzia haraka.

"Kifundo cha mkono wa kulia," Robi alisema. "Ulinieleza kuna alama za vidole."

"Ndiyo. Vidole vinne na gumba. Na ngozi imevutwa kuelekea kiganjani, kama ameteleza kutoka mkononi mwa mtu."

"Mtu anayesukuma mwenzake anamshika hivyo?"

"Anayesukuma anaachia," daktari alisema. "Huyu aliyemshika hakuachia. Alinyang'anywa na uzito wa mwili."

"Na fizi zake?"

"Zilikuwa na mstari wa kijivu, zimevimba. Niliandika usafi duni wa kinywa." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Unaniuliza nini hasa, inspekta?"

"Nakuuliza ni ugonjwa gani unaomtetemesha mtu mikono, unampa ladha ya chuma mdomoni, unamfanya aogope macho ya watu mpaka aone asiyekuwepo."

"Nywele zake tunazo," daktari alisema polepole. "Nitazituma Mwanza leo. Lakini kama ni hicho unachokifikiria, usisubiri majibu. Watoe watu hapo."

Robi hakusubiri. Aliomba hati ya upekuzi, akamchukua Godwin, na saa ya darasa la jioni gari lao lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya Mzee Wangwe. Robi alimtuma Godwin juu. Yeye aliingia dukani chini.

Lilikuwa duka la vifaa: kamba za kushukia mashimoni, makoleo, pampu za maji, tochi za kichwani. Mzee Wangwe aliketi nyuma ya meza yake, kofia ya sufi kichwani ingawa kulikuwa na joto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kesi ya yule mama haijaisha tu?"

"Inaelekea. Hicho chumba cha nyuma ni cha nini?"

"Stoo. Saruji na misumari."

Mlango wa stoo ulikuwa wa chuma, una kufuli kubwa. Robi aliusogelea, akatega sikio. Nyuma yake kitu kilivuta pumzi, kikakaa, kikatoa.

"Saruji yako inapumua, mzee."

"Jenereta hiyo."

"Umeme upo. Feni yako inazunguka."

"Mwanangu, nyumba hii ina mambo yake. Waulize wale kina mama wa juu. Kuna watu walifukiwa..."

"Nimeshaambiwa. Nifungulie."

"Ufunguo anao kijana wangu. Ameenda Sirari."

Robi alitoa simu na kumpigia Godwin. "Kitoe hicho kioo," alisema tu.

Juu yao nyayo nyingi zilikimbilia mlangoni, na wanawake wakaanza kushuka kwa ngazi ya nje, mmoja mmoja, wakiwa na mikeka yao kwapani. Kisha ikasikika sauti ya skrubu zikifunguliwa, kitu kizito kikikokotwa sakafuni, na kimya. Ghafla, kutoka nyuma ya mlango wa chuma uliofungwa, sauti ya Koplo Godwin ikasema, wazi kabisa, kana kwamba alikuwa amesimama ndani na saruji:

"Afande, hapa kuna bomba. Linatoka chini huko. Unanisikia?"

Ile pumzi ikakatika. Nyuma ya mlango mtu alikohoa, na mwingine akamwambia anyamaze.

Mzee Wangwe alivua kofia yake na kuiweka mezani. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kutoa ufunguo.

Ndani walikuwemo wanaume wawili vifua wazi, na jiko la udongo lililojaa makaa, na mvukuto mkubwa wa ngozi, ule wanaoutumia wahunzi, ambao mmoja wao alikuwa bado ameushika mpini. Juu ya jiko kulikuwa na kofia ya bati, na kutoka kwenye kofia bomba la bati lilipanda mpaka kwenye tundu la dari. Robi alifunika pua kwa mtandio wake. Aliwaamuru wote watoke nje, na mzee pia, na maelezo yake akayachukulia barabarani, mbele ya wanawake wale.

"Hilo bomba lilikuwa linatokea wapi zamani?"

"Dirisha la juu."

"Ukalikata lini?"

"Mwalimu alipopanga chumba. Alitaka kuweka kioo. Nikaona vizuri. Moshi ukionekana barabarani, wezi wanajua leo kuna dhahabu, na wakaguzi nao wanajua. Nikaliishia nyuma ya kioo."

"Ulijua moshi utaenda wapi?"

"Ni moshi kidogo tu. Mimi mwenyewe nimekaa nao miaka yote." Alinyoosha mikono yake kuonyesha kwamba yuko salama, na wote wakaiona ikitetemeka. Akairudisha mapajani.

"Ulijua wale kina mama wanalala sakafuni pale?"

"Nilijua wanarukaruka," Mzee Wangwe alisema. "Sikujua wanalala."

"Veronika alikuja kukuuliza?"

Mzee alitazama chini. "Alikuja. Alisema anasikia mtu ukutani. Nikamwambia ni marehemu. Nilidhani ataogopa, aache kuja. Wengine waliogopa kidogo tu. Yeye aliamini."

Zaitun alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chuma, ngazi ile ile, na hakuna aliyemwambia aondoke. Hakumtukana mzee, hakumlilia mtu. Robi alipomfikia alimkuta anatazama vidole vyake mwenyewe.

"Nilikuwa nawaambia wavute pumzi ndefu," alisema. "Kila siku, afande. Mwisho wa darasa. Nilikuwa napita katikati yao nawaambia, vuta, ijaze, ikae humo, achia taratibu."

Robi aliwapanga kwenye gari la polisi na hiace mbili za kukodi, akawapeleka hospitali wote, Zaitun akiwa wa mwisho kukubali kupanda. Mzee Wangwe na wanaume wake wakaenda Tarime na Godwin.

Siku majibu ya nywele yalipofika kutoka Mwanza, Robi hakumwita Ryoba ofisini. Alikwenda mahabusu mwenyewe, akaomba waachwe wawili, akaketi kwenye benchi la zege. Ryoba alikuwa mwanaume mpana wa mabega, ndevu zimeota ovyo. Robi alimweleza yote kwa utaratibu: mvukuto, bomba, kioo, zebaki, alama kwenye kifundo cha mkono. Alimweleza kwamba kaka zake Veronika, waliokuwa wamezuia mwili usizikwe mpaka muuaji ahukumiwe, walikuwa wameitwa na wamekubali kuja. Alimwambia yuko huru.

Robi akadhani Ryoba angenyamaza kama alivyonyamaza siku zote. Kisha akasema, kwa sauti iliyokauka kwa kukosa kutumika:

"Alihama chumbani. Akawa analala na watoto, anafunga mlango kwa ndani. Nikimwita, anashtuka. Mimi sijawahi kumnyooshea hata kidole, afande. Nikajiuliza nimemfanyia nini. Nikajiuliza mpaka nikaanza kutafuta, labda nilifanya nikasahau."

"Siku ile ulienda kufanya nini pale?"

"Kumchukua. Ngazi ile haina kingo upande mmoja, na miguu yake ilishakuwa haimtii. Nikapanda. Akatoka mlangoni, akaniona. Alivyoniangalia. Akarudi nyuma. Nikamshika mkono, nikamwambia, mama Bhoke, ni mimi. Akajivuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Nilimshika. Nilimshika kweli."

"Alama zinaonyesha hivyo."

"Ningewaambia nini polisi? Kwamba mke wangu alikufa akinikimbia?" Alimtazama Robi kwa mara ya kwanza. "Huo ugonjwa. Kwa hiyo pale juu hakuwa ananikimbia mimi?"

Robi alijua kilichomo kwenye jalada. Mlikuwa na maelezo ya daktari, majibu ya maabara, na shahidi mmoja aliyekuwa barabarani juu ya pikipiki. Hapakuwa na mtu duniani aliyejua Veronika aliona nini mlangoni pale. Kazi yake yote alikuwa hajawahi kuandika jambo asiloweza kulithibitisha, na aliwahi kuwarudishia wadogo zake kazini maelezo yao kwa sababu ya neno moja la kubahatisha.

"Hapana," alisema. "Alikuwa anamkimbia yule wa kwenye kioo. Wewe hakukuona."

Ryoba aliinamisha kichwa, na mabega yake mapana yakaanza kutikisika. Ilichukua muda. Robi hakuondoka.

"Liandike," Ryoba alisema hatimaye, bila kuinua uso. "Wakija kaka zake, wasomewe. Watoto wakikua, wasomewe."

Robi alifungua jalada magotini, akatoa kalamu, akaliandika.